Kushusha Pua ya Volkswageni

Jumapili, 7 Julai 1996

Sabasaba. Upepo mkali tangu asubuhi, vumbi mpaka ndani ya chai.

Nimetukanwa. Si kwa matusi. Kwa heshima, ambayo inauma zaidi. Dada Ruthu kaja kutoka Makutupora na jogoo mmoja na habari za harusi. Binti yake, Zipora, anaolewa Jumamosi ya tarehe 20. Kanisa ni la huku mjini. Bi harusi ataletwa kutoka nyumbani kwao kwa gari la Abdulnasiri.

Abdulnasiri! Jirani yangu! Mwenye duka la vitenge karibu na soko! Mwaka huu kajiletea gari la Kijapani lililopitia Dubai. Jeupe. Lina kiyoyozi. Vioo vinashuka kwa kubonyeza. Tangu lifike, mtaa mzima umesahau kwamba nami nina gari.

Nikamkumbusha dada kwamba mjomba wa Zipora ni mimi, na kwetu Ugogo hakuna harusi bila mjomba. Kakubali kabisa. Kasema nimetengewa kiti cha mbele kanisani. Nikamwuliza Volkswageni langu lina kosa gani. Kaangalia pembeni. Kasema ni gari zuri, lina heshima zake, ila limeinua pua juu kama chura anayengoja mvua, na ndugu wa bwana harusi ni watu wa kucheka.

Nimetoka nje kulitazama. Kweli, linaangalia juu. Injini iko nyuma, uzee umeikalisha chini, pua ikapanda. Sikuwahi kuona. Lakini nimepumua. Nilidhani kosa ni gari zima. Kumbe ni pua tu.

Jumanne, 9 Julai

Mungu hamtupi mja wake!

Nimekwenda kunyoa. Kinyozi ana magazeti ya zamani ya Ulaya, wateja wanaangalia picha wakingoja. Nafungua moja, nani ananitazama? Volkswageni! La mgongo wa kobe kama langu, kasoro kutu. Limeshushwa pua mpaka bampa linataka kubusu lami. Kama fahali anayejiandaa kupiga pembe. Mzungu kaegemea mlango, miwani nyeusi, furaha tupu. Maneno sikuyaelewa, nadhani ni Kijerumani. Picha imetosha.

Nikaomba ule ukurasa. Kinyozi kakataa. Nimekohoa kwa nguvu wakati nauchana.

Jioni nikaenda Kizota kwa Batholomeo. Ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na vitanda. Nikamwonyesha picha. Nikamwuliza kama amewahi kushusha gari. Kasema hajawahi, ila amewahi kurefusha kitanda cha mbunge, na chuma ni chuma. Nimempenda. Dunia ya sasa inataka watu wasio na woga. Biashara huria hii! Anayengoja ruhusa anaachwa.

Mpango: pua inashuka, dada Ruthu anaona, anaona haya, Abdulnasiri anabaki na kiyoyozi chake.

Jumatano, 10 Julai

Nimetuma habari ofisini kwamba mgongo unauma. Stoo ya serikali inaweza kukaa siku moja bila mimi. Imewahi kukaa mwezi.

Batholomeo kaja na mashine yake. Tumelala chini ya gari, tumechunguza. Gari hili halina springi za kujizungusha kama mengine. Mbele kuna mabomba mawili mazito yaliyolala kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ndani ya mabomba kuna vyuma bapa vinavyojisokota gari likiingia shimoni. Katikati vimebanwa. Batholomeo kafikiri muda mrefu, kidole puani. Kisha katoa hukumu: tukate mabomba katikati, tuyazungushe kidogo, tuyachomelee tena. Pua lazima ishuke. Nikaona hana mpinzani.

Kawasha. Cheche zikaruka. Uzuri ulioje! Mke wangu, Anjelina, katoka jikoni akipangusa mikono. Katazama kidogo. Kisha kauliza, kwa upole kabisa, “Baba Lydia, hili gari petroli inakaa wapi?”

Inakaa mbele. Juu ya mabomba.

Sijui nani alikimbia wa kwanza. Najua Batholomeo alipita juu ya uzio wa minyaa, nami nilijikuta ndani ya banda la kuku. Anjelina kabaki amesimama pale pale, kazima mashine ukutani.

Hakuna kilicholipuka. Hakuna aliyeungua. Kuku mmoja tu kaacha kutaga. Tangi tumelitoa, nimelihifadhi jikoni. Nusu saa baadaye nimelikuta uani. Sikuuliza.

Nimelala nikishukuru. Mungu anapomwepusha mtu na hatari kama hii, maana yake kazi imebarikiwa.

Ijumaa, 12 Julai

Mabomba yamekatwa. Yamezungushwa. Yamechomelewa. Tumeshusha jeki.

Pua imepanda!

Imepanda sana. Volkswageni limekaa kama mbwa anayeomba mfupa. Nimewasha taa, zinamulika matawi ya mwarobaini. Batholomeo kazunguka gari mara kadhaa. Kasema sasa tumejua upande ambao si wenyewe, na kujua ni hatua kubwa.

Wakati huo huo, nani anapita? Abdulnasiri, anatoka msikitini, kanzu nyeupe, ubani unanukia. Kasimama. Nikangoja acheke. Hakucheka. Kasema nimefanya la maana, barabara za mashamba zina mawe, gari likiinuliwa hivi linapita popote. Kauliza kama nahitaji msaada wowote.

Huyu mtu ana roho mbaya sana. Anajua kabisa kwamba akinicheka nitapata nafuu.

Jumapili, 14 Julai

Ibada imeisha, nimewahi nyumbani. Batholomeo kakata tena. Safari hii kazungusha upande wa pili, na kwa kuwa muda umepotea kazungusha zaidi, ili kufidia.

Tumeshusha jeki. Pua ikashuka. Ikaendelea kushuka. Ikasimama kiganja kimoja kutoka ardhini.

Nimetokwa na machozi. Sioni aibu kuandika. Fahali! Fahali mwenyewe! Nimesimama mlangoni, nimeegemea kama yule Mzungu. Mlango ukafunguka, nikaanguka. Si kitu.

Shokapu zimegoma kurudi mahali pake, sasa ni ndefu mno. Batholomeo kasema kazi ya shokapu ni kuzuia gari lisirukeruke, na gari lililo chini hivi litaruka kwenda wapi? Tumeziweka kando. Tangi tumelirudisha.

Anjelina kauliza kama lipo salama. Nimemjibu kwamba Wajerumani wenyewe wanafanya hivi. Kasema Wajerumani hawaendi Makutupora.

Jumatatu, 15 Julai

Nimekwenda kazini na gari. Mtaa mzima umegeuka kunitazama. Hata mwenye kuuza karanga kasimama.

Kwenye njia panda ya kwanza nimegundua jambo. Linakata kushoto vizuri. Kulia halikati. Ukikata kulia tairi linauma bodi, linalia, linagoma. Inaelekea Batholomeo kachomelea upande mmoja chini kuliko mwingine.

Nimetulia. Mwanaume hufikiri. Ukikata kushoto mara tatu, umekata kulia. Hesabu hiyo ni sahihi darasani. Mjini kuna kipilefti. Kipilefti, pamoja na jina lake, kinataka ukizunguke kwa kulia! Nimekifikia, nimeshindwa, nimetoka kwa njia ya kushoto. Njia hiyo ikanipeleka kituo cha reli. Nikakata kushoto, nikajikuta ndani ya msafara wa msiba. Siwezi kutoka, kutoka ni kulia. Nimekwenda nao mpaka makaburini. Nimemzika mzee mmoja nisiyemjua. Familia imenishukuru sana. Nimekula wali.

Ofisini nimefika mchana. Bila shokapu kila jiwe limeingia uti wa mgongo. Nimepanda ngazi nimejikunja kama fimbo ya mzee. Bosi alikuwa mlangoni, kashika kiuno, ananingoja. Nikasema moyoni, leo ni leo. Kaniona nilivyopinda, uso ukabadilika. Kasema kumbe ni kweli ule mgongo, kwa nini nimejilazimisha kuja, nirudi nyumbani nikapumzike wiki nzima.

Wiki nzima! Afadhali uongo ulioniuguza kweli.

Alhamisi, 18 Julai

Batholomeo kaja na nyundo kubwa. Kapiga bodi juu ya tairi la kulia mpaka ikatoka nje kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Sasa linakata kulia. Kidogo. Kwa kunung'unika.

Dada Ruthu na Zipora wamekuja mjini kuchukua gauni kwa fundi. Nimewaita waje waone. Nililifunika gari kwa shuka, nikalifunua ghafla.

Dada kainama, kaitazama pua. Kisha kasema, “Kaka, mwanzo lilikuwa linatafuta mvua. Sasa linatafuta sindano.” Msimamo wake ni ule ule. Abdulnasiri.

Zipora hakucheka. Kalizunguka gari, kapitisha mkono juu ya boneti. Katoto haka nilikuwa nakapeleka shule humu humu ndani, kamesimama kwenye kiti cha nyuma kanaimba. Kamekuwa mwanamke mrefu. Kasema, “Mjomba, mimi ningependa wewe ndiye unipeleke. Hata kwa mkokoteni.” Mama yake kamvuta mkono, wakaenda.

Nimekaa ndani ya gari peke yangu. Hili neno limeniingia. Sasa si suala la Abdulnasiri tena. Mtoto kaomba.

Ila Abdulnasiri pia.

Ijumaa, 19 Julai

Mpango mpya, na ni mzuri. Shela ya Zipora iko hapa kwetu, Anjelina anaipiga pasi. Kesho asubuhi lazima ipelekwe Makutupora. Nimejitolea kuipeleka. Anjelina kashangaa nilivyo mwepesi. Kasema basi twende wote, ataishika mwenyewe.

Asichojua: tutafika mapema, kabla Abdulnasiri hajatoka nyumbani. Bi harusi atakuwa amevaa. Gari litakuwa mlangoni, lina riboni. Nitafungua mlango. Nitasema, mwanangu, ingia. Nani atakataa mbele ya watu?

Nimenunua riboni nyekundu. Nimelifunga mbele mpaka nyuma. Nimeosha ringi kwa mswaki.

Jumamosi, 20 Julai

Wote wazima. Naanza na hilo. Wote wazima.

Tumeondoka jua likichomoza. Baridi kali. Anjelina kiti cha mbele, sanduku la shela mapajani. Lami imekwenda vizuri. Lami ikaisha.

Baada ya lami njia imechimbwa na malori. Magurudumu yanapita kwenye mitaro miwili, katikati pamebaki tuta. Magari mengine yanapita juu ya tuta. Sisi tumepita ndani yake. Bampa limeanza kulima. Sitanii. Nimetazama kwenye kioo, nyuma yetu njia imekuwa shamba, lipo tayari kwa mtama. Anjelina kakumbatia sanduku.

Kupita Msalato tuta likawa gumu. Gari likapanda juu yake kwa tumbo, likakaa. Magurudumu ya mbele yananing'inia hewani. Ya nyuma yanachimba. Mbele yetu mita chache njia inateremka kwa kasi kwenye korongo, kuna daraja jembamba lisilo na kingo.

Kikapita kikundi cha watu wanaokwenda kwenye mashamba ya zabibu. Nikawasalimu, nikajieleza, mjomba, bi harusi, shela. Wakaweka majembe chini. Anjelina kashuka. Wakashika bampa la mbele, wakahesabu, wakainua.

Nikasikia mlio. Kama fimbo kavu inayovunjwa gotini. Wakaliacha gari likae chini. Pua ikagusa ardhi kabisa, na magurudumu ya mbele yakalala, moja huku, moja kule, kama miguu ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Bomba limekatika.

Hakuna aliyecheka. Mmoja wao, mtu mzima, kachungulia chini, kisha katazama lile korongo, kisha kanitazama mimi. Kasema tu, “Pole, baba.”

Hapo ndipo nikaona. Kama lisingekwama. Kama lingekatika kule chini kwenye mteremko, nimeshika usukani usiogeuza kitu. Au saa moja baadaye, Zipora kiti cha nyuma, gauni jeupe. Nikakaa chini kwenye vumbi na suti yangu. Nimemwambia Anjelina mpango wote. Riboni, mlango, mwanangu ingia. Nilingoja anifokee. Kakaa kando yangu, kanishika mkono, akasema, “Yupo nyumbani kwao anasukwa nywele. Mzima. Na sisi wazima. Inuka.”

Kutofokewa kumenitisha kuliko korongo.

Kisha vumbi, na ndani ya vumbi gari jeupe. Abdulnasiri, kawahi kama kawaida yake. Kasimama, kashuka, katazama gari langu, katazama suti yangu. Kasema alhamdulillahi mko wazima. Kafungua mlango wa nyuma kwa Anjelina na shela. Kiyoyozi, lazima nikiri, kinafanya kazi.

Makutupora vigelegele vilikuwa vimeshaanza. Zipora katoka mlangoni, kavaa shela, haina doa. Mimi nikasogea nyuma ya watu, vumbi limenijaa. Abdulnasiri kanifuata. Kanivuta pembeni karibu na pipa la maji. Kasema, “Bwana Octavian, mimi ni jirani tu. Mjomba ni wewe. Shika ufunguo.”

Nikashika.

Nimemwendesha Zipora mpaka kanisani. Polepole. Kwenye lile korongo nimetembeza gari kama mtu aliyebeba mtungi. Zipora alikuwa nyuma na mama yake, na Abdulnasiri kando yangu. Tulipoingia mjini nikasikia sauti ndogo nyuma inaimba ule wimbo wa shule. Dada Ruthu kaanza kulia. Mimi nilikuwa na vumbi machoni.

Kwenye kipilefti nimezunguka kwa kulia, mzunguko kamili, halafu nikarudia. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Jumapili, 21 Julai

Nimelala kama mtoto. Nimeamka, nimehesabu watu wangu kichwani, wote wapo. Nimelala tena.

Lori la kokoto limeniletea Volkswageni. Riboni bado ipo. Batholomeo kaja kutoa pole na kukagua. Kalala chini, kaangalia, katoka anang'aa. Anasema uchomeleaji wake haukukatika! Kilichokatika ni bomba, pembeni kidogo ya alipochomelea. Kazi yake imeshinda chuma cha Wajerumani.

Nimeangalia mwenyewe. Ni kweli.

Jumatano, 24 Julai

Habari njema juu ya habari njema. Misheni moja nje ya mji ina Volkswageni lililokufa miaka mingi, kuku wanalala ndani. Wamenipa mabomba ya mbele, mazima, ya asili, na shokapu juu. Anjelina kasimama kando mpaka yakafungwa yalivyo, bila kukatwa. Pua imepanda. Chura karudi. Nimeendesha mpaka ofisini na kurudi, kushoto na kulia, mgongo haukusema kitu. Bosi kasema nimepona vizuri.

Dada Ruthu katuma mvinyo. Zipora na mumewe wamefika salama kwao Kongwa.

Jioni Abdulnasiri kapita kuaga. Kesho alfajiri anapanda basi kwenda Dar kuchukua mzigo wa vitenge, atarudi Jumanne. Anaogopa kuacha gari dukani. Kaniomba likae uani kwangu, niliwashe asubuhi injini ipate moto. Kanipa ufunguo kwa mikono miwili. Kasema hana mtu mwingine anayemwamini hivyo. Nimeguswa sana. Nimemsindikiza mpaka kwake.

Sasa lipo hapa nje. Nimelizunguka na tochi. Ni gari zuri, halina neno. Isipokuwa jambo moja, na nashangaa hakuna aliyemwambia. Mbele liko juu kidogo. Si sana. Lakini mtu mwenye jicho anaona.

Nimechungulia chini. Halina yale mabomba! Springi zake ni hizi za kawaida za kujizungusha, ziko wazi, ndefu bila sababu yoyote. Kosa letu la mwanzo lilikuwa gari, si wazo. Nimemwita Batholomeo, kalala chini dakika moja tu, kasema hizi ni mchezo, unakata mizunguko miwili, umemaliza. Kesho Anjelina anakwenda Makutupora kumsaidia dada kurudisha masufuria.

Jirani kanitendea wema ambao sitausahau. Wema hulipwa kwa wema. Sitamwambia kitu, nitamwacha alione mwenyewe.

Natamani sana Jumanne ifike niuone uso wake.